Ngamia wawili Mjimwema, na hesabu niliyokosea

Mwezi huu peke yake nimepigiwa simu na watu watatu nisiowafahamu. Swali lao moja: "Kaka, si wewe uliyekuwa na wale ngamia wa kupandisha watu ufukweni Mjimwema, kule Kigamboni? Inalipa?" Wa tatu alikuwa ameshamtumia dalali wa Arusha nusu ya hela. Nimechoka kuhadithia kwenye simu, na kwenye simu kuna mambo huwa nayaruka kwa aibu. Ngoja niyaandike yote.

Wazo nililiokota Diani. Tulikwenda Mombasa kwenye harusi ya binamu yangu, kesho yake tukapelekwa ufukweni kupunga upepo, nikawaona vijana wanaongoza ngamia na wageni wamekaa juu wanapigwa picha. Nilikaa chini ya mnazi nikawa nahesabu. Kwa saa moja walipanda watu 14. Niliporudi Dar sikulala vizuri wiki nzima: Kigamboni mchanga tunao, watu wanaovuka na pantoni kila Jumapili tunao, daraja tunalo, kilichokosekana ni ngamia tu. Nilikuwa na milioni tisa nilizolipwa nilipopunguzwa kazini. Na nilikuwa na hoja ya kumshinda mke wangu: ngamia hana gharama. Hanywi maji, anakula miiba, ni mvumilivu.

Mke wangu akaniuliza, "Kama hana gharama, mbona Wazaramo hawakuwahi kumfuga?"

Nikamwona hajui biashara.

Kwetu Tanzania ngamia wako kaskazini, Longido, Monduli na Simanjiro, mikononi mwa Wamasai ambao babu zao hawakuwa na habari naye. Ngamia hao walivuka kutoka Kenya, kwa wafugaji kama Wasomali, Warendile na Wagabra, na kila ukame ukipita na ng'ombe za watu, anayebaki anatafuna ni yeye. Mimi nilikwenda Longido mwishoni mwa Julai. Dume nilimpata kwa 2,100,000. Jike alikuwa 2,700,000 kwa sababu, alisema mwenye mali, ana mimba. Nikamwambia anithibitishie. Akamsogelea huku akipiga makofi, na yule jike akainua mkia ukapinda juu kama ndoano. Jike aliyeshika mimba hufanya hivyo akisogelewa, na kweli nimekuja kuona wafugaji wengi wanaitegemea ishara hiyo. Mimba ya ngamia ni kama miezi 13. Nikapiga hesabu: nimenunua wawili, nimepata watatu.

Hapo sasa niwaambie ambacho sikufanya. Sikumlipa daktari wa mifugo atoe damu za wanyama wale kabla sijahesabu noti. Nauli yake na kipimo isingezidi laki na nusu. Ukitoka na neno moja tu kwenye maandishi haya, toka na hilo, mengine usome kwa kujifurahisha.

Kibali cha kusafirisha mifugo nilikata, ila fomu ilikuwa na ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda. Ngamia akaandikwa kwa kalamu pembeni. Kwenye kizuizi kimoja njiani tulikaa saa nne kwa sababu hakuna aliyejua ushuru wa ngamia ni kiasi gani. Mwisho wakalipiwa kama ng'ombe, na risiti inasema ng'ombe wawili. Ninayo hadi leo.

Barabarani ndipo nilipoharibu kwa mikono yangu. Ngamia husafirishwa amekaa. Anapigishwa magoti ndani ya gari, sakafu imemwagwa mchanga au nyasi nene, kisha miguu ya mbele inafungwa ikiwa imekunjwa ili asiinuke. Mwenye mali alitaka kufanya hivyo. Mimi, mtu wa mjini, nikaona ni kuwatesa, nikasema wasimame wajinyooshe. Ni zaidi ya kilomita 700, na matuta ya kila kijiji. Kabla hatujafika Mombo dume alikuwa ameshaanguka mara mbili. Alifika Dar ana jeraha la nyonga la ukubwa wa sahani, nikakaa wiki tatu bila kumtandika.

Tuliwashusha alfajiri. Nilikuwa nimeandaa ndoo mbili za maji, kwa heshima tu. Dume akazamisha ile midomo yake, wa juu umepasuka katikati, maji yakaanza kupungua bila sauti. Unachoona ni mawimbi yanapanda shingoni, moja baada ya jingine, bila kupumzika. Kijana niliyetoka naye Longido kuwachunga akasema, "Bosi, leta nyingine." Akamaliza madumu matano ya lita 20, kwa muda ambao mimi nilikuwa bado natafuta chenji ya muuza maji.

Shuleni sisi tuliambiwa nundu ni tangi. Nundu ni mafuta. Maji yake ngamia anayabana mwilini: mkojo unatoka mchache na mzito, mavi yanatoka makavu, na anaweza kupoteza robo ya uzito wake kwa kiu akaendelea kutembea, kitu ambacho ng'ombe angeshakufa kabla hajakifikia. Lakini akikuta maji analipa deni lote kwa mkupuo. Nilichoita "hanywi" kilikuwa mkopo. Na kuna jambo jingine nililielewa baadaye sana. Mchana wa jangwa ngamia aliyekosa maji huacha joto la mwili lipande hadi karibu nyuzi 41, hatoi jasho ovyo, anasubiri baridi ya usiku imshushe hadi nyuzi 34. Sasa huo usiku wa baridi Dar uko wapi? Februari, saa tisa za usiku, hewa imesimama, ukuta una jasho, shati limekuganda mgongoni. Anasubiri ubaridi ambao hauji.

Chakula nacho. Nilinunua majani ya ng'ombe na pumba, wakawa wanachagua kama watu waliolazimishwa kula hospitali. Ngamia anataka kuinua shingo, anataka majani ya mgunga na vichaka, na anataka chumvi nyingi kuliko ng'ombe. Mwezi wa pili ngozi ikaanza kupoteza mng'ao. Kijana akawatoa asubuhi moja kuwatembeza kwenye mkono wa bahari, nikasikia kelele, nikakimbia: wako ndani ya mikoko hadi magotini, wanakula kwa pupa majani yale ya chumvi. Baadaye nikasoma kwamba Gujarat, India, kuna ngamia waitwao Kharai ambao huogelea kabisa kwenda kula mikoko visiwani. Hawa wangu walijua bila kusoma. Tatizo ni kwamba mikoko yetu ni hifadhi, na askari wa misitu alitukuta. Alikuwa mstaarabu, alituonya tu. Tangu siku hiyo nikawa nanunua chumvi ya mawe kwa gunia, naiweka kwenye beseni usiku na mchana.

Biashara yenyewe, sitadanganya, ilianza vizuri. Mtoto 3,000, mtu mzima 5,000, kutoka mnazi wa kwanza hadi kwenye mitumbwi na kurudi. Dume watoto wakamwita Mwendokasi kwa jinsi anavyojivuta. Tarehe 26 Desemba tuliingiza 418,000, nikalala na ile hela chini ya mto.

Wateja wanaanguka wakati wa kuinuka, si wakati wa kutembea. Ngamia huinua miguu ya nyuma kwanza, kwa hiyo aliye juu anatupwa mbele, na anayejikunja kwa woga ndiye anayekwenda. Baba mmoja mwenye kitambi alipita juu ya shingo kama gunia, bahati mchanga ulikuwa mlaini. Kuanzia pale hakuna aliyepanda bila kufundishwa: shika mti wa tandiko, lala nyuma, usijifanye shujaa.

Mvua za vuli ndizo zilizonifundisha kuhusu madume. Siku hiyo kuna watoto saba wamepanga foleni, Mwendokasi akaanza kutoa sauti kama maji yanayochemka kwenye birika, povu likamjaa, halafu pembeni ya mdomo kikatoka kitu cha waridi, kimevimba kama puto, kinaning'inia. Watoto wakapiga mayowe kwamba ametapika utumbo. Mama mmoja akadai hela yake. Ni kaakaa lake laini, dume hulitoa hivyo anapotaka jike, na kipindi hicho anauma na hana adabu kwa mtu. Kwa kazi ya watoto tafuta jike asiye na mimba au dume aliyehasiwa. Nilimfungia wiki tano, kazi yote ikamwangukia jike. Mwenye mimba. Najua.

Ya harusi nitaipitisha haraka maana bado inaniuma. Watu wa Tegeta walitaka bwana harusi aingie na ngamia, amevaa kanzu na joho. Laki nne. Hakuna aliyeniambia kutakuwa na matarumbeta. Mwendokasi alizoea sauti ya bahari, tarumbeta la kwanza lilipolia akapiga magoti katikati ya barabara na akakataa kabisa kuinuka. Bwana harusi juu, honi nyuma, bodaboda wanarekodi. Dakika 40. Nilirudisha nusu ya hela na sikuomba sahani ya pilau.

Kuna mtoto alikuja amevaa fulana ya mtumba yenye picha ya lama. "Mjomba, huyu wa kwangu mbona hana nundu?" Nikamwambia ni ndugu wa ukoo mmoja waliotengana zamani mno. Ukoo wao ulianzia Amerika ya Kaskazini, mamilioni ya miaka iliyopita. Wengine wakashuka kusini, huko Andes wakawa guanako na vikunya, na ndiko walikotoka lama na alpaka wanaofugwa. Wengine wakavukia Asia, ndio hawa. Huko walikoanzia waliisha. Wainka waliwabebesha lama mizigo milimani, ila mtu mzima hapandi, ni mzito mno kwake. Mtoto akawaza, akauliza, "Na yeye anatema?" Anatema. Ukoo hauna siri.

Mtaa mzima ulikuja kuwashangaa, isipokuwa bibi mmoja jirani yetu, mzaliwa wa Unguja, amepita miaka 80. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua macho kwenye mchele anaopeta. "Mjukuu wangu, ngamia si mgeni kwetu. Wa kinu." Akanisimulia ngamia wa kushindika mafuta ya ufuta, amefungwa kitambaa machoni, anazunguka kinu asubuhi hadi jioni. "Mmojammoja," akasema. "Ndani ya banda, kwenye kivuli, analishwa mashudu. Hawakumwacha nje na mainzi." Mimi nilisikia hadithi ya zamani. Jibu la swali la mke wangu lilikuwa pale, kwenye ungo wa bibi, nikalipita.

Masika yakaanza. Na mvua wakaja inzi wakubwa wanaouma, wengine huwaita kipanga, ukimpiga kwenye ngozi ya ngamia anaacha tone la damu. Machi, asubuhi moja, kijana akanikuta napiga mswaki. "Bosi, jike ametupa." Ndama hakuwa na manyoya. Kijana alimwita nirig, neno alilolipata kwa Wasomali, akamzika mwenyewe nyuma ya banda. Mimi nikalaumu kazi ya Desemba, nikampumzisha jike, nikaona nimetubu. Sikujiuliza zaidi.

Alikuwa anakula. Hilo ndilo lililonidanganya. Ng'ombe akiumwa anakataa majani, unajua. Huyu alitafuna kama kawaida, macho yake yale ya kope ndefu yametulia, huku nundu inapungua wiki hadi wiki mpaka ikalala upande kama kofia iliyolowa. Homa ilimpanda ikashuka, ikapanda tena. Mimi nikawa nawaambia watu: unaona, ngamia ni mvumilivu.

Rafiki yangu wa Kariakoo akaniletea mzee wa Kisomali, muuza duka, aliyekulia kwenye ngamia hadi alipokuwa kijana. Tulisalimiana, sikumaliza hata kumweleza. Alimzunguka jike mara moja, akavuta kope ya chini akatazama weupe wake, kisha akasimama kimya akisubiri. Jike alipokojoa, mzee akainama na ile suruali yake safi, akachota mchanga uliolowa kwa vidole viwili, akaunusa. Akaunusa tena.

"Mwanangu, huyu anaumwa siku nyingi."

Ugonjwa huo unaitwa sura. Ni ndugu wa nagana ile ya ng'ombe, vijidudu vya damu, lakini hauhitaji mbung'o: inzi yeyote anayeuma akitoka kwa mnyama mgonjwa akatua kwa mzima anauhamisha. Unatupisha mimba, unakausha damu, unakula nundu, na wachungaji wa ngamia wengi huutambua kwa harufu ya mkojo. Huenda jike alitoka nao Longido, huenda aliupata hapa. Kwa kuwa sikupima, sitajua.

Ilikuwa Jumamosi. Daktari wa mifugo niliyempigia alisema nisimguse hadi Jumatatu aje atoe damu. Nilipaswa kunyamaza nisubiri. Badala yake nikaingia duka la dawa za mifugo, nikaeleza, nikajibiwa kwa kujiamini: nagana hiyo, sindano moja tu. Pakiti ya chembechembe za njano, unachanganya na maji, unapiga kwa uzito. Kijana aliitazama ile pakiti akaniuliza, "Hii si ya ng'ombe?" Nikamjibu dawa ni dawa.

Ilikuwa diminazini. Kwa ng'ombe inaponya, imewaponya wengi. Kwa ngamia ni hatari, kipimo ambacho ng'ombe anakimudu kinaweza kumuua yeye. Zipo dawa za ngamia kwa ugonjwa huu, kwinapiramini na melasomini, na hazikai kwenye kila duka. Andikeni majina hayo mahali.

Haikupita saa moja akaanza kutetemeka, kwanza ngozi ya mapajani, kama anafukuza inzi, halafu mwili mzima. Mate yakawa yanamwagika. Akapiga magoti taratibu, kwa utaratibu wake uleule, ya mbele, kisha ya nyuma, akaweka shingo chini kwenye mchanga. Tulimmwagia maji. Mke wangu alileta khanga akamfunika macho kwa sababu taa ya banda ilikuwa inamsumbua. Kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa amekwisha.

Mzoga wa ngamia hauwezi kubebwa na watu wanne. Nilikodi mashine ya kuchimba, 180,000. Watu walikuja na visu na mabeseni, wengine majirani ninaowaheshimu, nikawaambia ana dawa mwilini, haliwi. Wapo walioondoka wakiamini nimewanyima.

Jumatatu daktari alimtoa damu Mwendokasi, akaniruhusu nichungulie kwenye hadubini. Chembe za damu za ngamia si duara kama zetu, zina umbo la yai, zimejipanga kama punje za mtama. Katikati yake vikawa vinajipindapinda vitu kama nyuzi, vinazisukuma huku na huku. Naye pia alikuwa nao. Na siku ileile nilikuwa nimempeleka kwenye mchanga akabeba watoto 11. Melasomini tuliagiza Nairobi, ikafika baada ya siku tisa, akapona.

Hesabu yangu ya miezi 11, kwa wanaopenda namba: wanyama 4,800,000, usafiri 1,400,000, vibali na ushuru 300,000, matandiko na hatamu 700,000, mshahara wa kijana 2,750,000, chakula, chumvi na maji 3,100,000, dawa, daktari na mashine 650,000. Jumla 13,700,000. Niliingiza 5,900,000, na Mwendokasi nikamuuza 1,300,000. Pengo ni milioni sita na nusu. Vibali vya serikali ya mtaa na manispaa vilinichukua muda, ila havikunifilisi, kwa hiyo nisiwasingizie.

Aliyemnunua ni mjomba wa yule kijana, kulekule Longido. Safari hii tulimwaga mchanga kwenye fuso nusu futi, akapigishwa magoti, akafungwa miguu, akatulia hata kabla gari halijawashwa. Kijana alikaa naye nyuma. Mke wangu alimpa mfuko wa chumvi wa njiani na hakuniuliza lile swali tena, jambo ambalo ni baya kuliko angeniuliza.

Yule aliyemtumia dalali nusu ya hela: kamwombe damu ipimwe kabla hujamalizia, na kama unataka kuja kwenye unyevu huu na inzi hawa, njoo na chandarua cha banda zima. Tandiko moja bado lipo stoo, la mninga, fundi wa Keko. Kuku wa mke wangu anatagia humo. Anayelihitaji anitafute, ila asubiri vifaranga watoke.